Kijani Mkono wa Kulia

Jumatatu, 5 Novemba 2018. Nordahl, Iowa.

Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke kwetu, mkoa wa Mazandaran. Nilikuja kusomea kilimo kwa miaka minne. Mapinduzi yakaigeuza nchi nyuma yangu, na kwa muda mrefu hapakuwa na pa kurudi. Nikafundisha jometri katika sekondari ya mji huu mpaka nikastaafu, nikachezesha mieleka mpaka moyo ulipokataa, na sasa kazi yangu ni kuzitafutia shule tano ndogo waamuzi wa mieleka na kuwapangia wachezeshe wapi na lini. Ni kazi ya kupiga simu na kubembeleza.

Jana kaka yangu Khosrow alipiga. Amemaliza kukarabati chumba cha juu cha nyumba ya baba, kile kinachotazama mashamba ya mpunga. "Ni chako," akasema. "Njoo, Bahram, kabla hatujazeeka zaidi ya hapa." Siku hizi njia ipo. Nikamwambia nitampa jawabu msimu ukiisha.

Msimu wenyewe unaanza vibaya. Mwaka juzi nilikuwa na waamuzi saba. Leo ninao watatu, na mkongwe wao, Merle Hruska, anapanda ngazi za jukwaa kwa kushika ukuta. Walioacha hawakuacha kwa sababu ya malipo. Waliacha kwa sababu ya kelele. Mmoja alifuatwa mpaka kwenye gari lake na baba wa mchezaji, binti yake akiwa kiti cha mbele anasikia kila neno.

Mashindano ya Shule Tano hufanyika kwetu kila Jumamosi ya kwanza ya Februari, na yanahitaji waamuzi wanne. Ofisi ya ligi imesema wazi: majina manne kabla ya mwisho wa Januari, la sivyo mashindano yanahamia kwenye ukumbi wa mji mkubwa. Na kitu kikishahamia kule hakirudi. Shule yetu ya msingi ilihamia kule. Daktari wa meno alihamia kule. Siku ya mashindano ndiyo siku pekee barabara yetu kuu inakosa nafasi ya kuegesha gari.

Alhamisi, 8 Novemba.

Nimewaomba watu watano. Wanne wamekataa. Wa tano hakukataa, ila alinipokelea simu akiwa Arizona, ambako amehamia.

Jumanne, 20 Novemba.

Mvua ya barafu. Mahindi yote yameshavunwa, na mtu anaweza kuona nyumba ya jirani wa mbali kabisa. Nimezungumza na meneja wa benki, ambaye ujanani alipiga mieleka vizuri. Alisema, "Mwalimu, mimi nawanyima watu mikopo mchana kutwa. Jioni nataka kupendwa."

Alhamisi, 29 Novemba.

Pambano la kwanza la msimu, hapa nyumbani. Theluji nyepesi, ukumbi umejaa, harufu ya mkeka uliosafishwa kwa dawa. Merle alichezesha peke yake, na kwa muda wote juu yake ilinyesha sauti moja kutoka safu ya nne.

"Refa! Nunua miwani!"

"Alikuwa ameshamwangusha, alama mbili hizo, mbili!"

"Refa, mkeo anakuita nyumbani, nenda!"

Ni Lonnie Tjaden, mfugaji wa nguruwe, niliyemfundisha zamani. Alipokuwa kijana alishika nafasi ya pili katika jimbo. Miaka kumi na mitano sasa anakaa safu ile ile na kofia ile ile nyekundu, na hapa lazima niseme neno kuhusu kofia. Katika wilaya hii kuna familia zinazonunua trekta za kijani tu na familia zinazonunua nyekundu tu, na watu hawachanganyi. Kuna ndoa zilizojadiliwa kwa sababu hiyo. Akina Tjaden ni watu wa kijani tangu babu yao. Kofia ya Lonnie haina maandishi, lakini wekundu ule kila mtoto hapa anajua ni wa kiwanda gani. Mji mzima unaamini anaivaa kumchokoza baba yake, mzee Harlan, ambaye kwa ajili hiyo hukaa upande wa pili wa ukumbi.

Leo nilimsikiliza Lonnie kwa sikio jingine. Kila alichopiga kelele kilikuwa sahihi. Merle alikosea mara mbili kwa sababu goti halikumruhusu kulala chini aone mabega, na mara zote mbili Lonnie aliona kabla ya ukumbi mzima.

Nikamfuata penye mashine ya soda.

"Lonnie, umechezesha bure kutoka jukwaani miaka yote hii. Shuka basi, tukupe filimbi."

"Unanitania, Mwalimu."

"Jometri ulifeli. Mieleka hukufeli. Nimekuja kwa hiyo ya pili."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaigeuza kofia mikononi. "Siyo kazi yangu ile. Kuna mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo tu."

"Basi fikiria. Na ukikataa, angalau punguza sauti, nina Merle mmoja tu."

Jumapili, 2 Desemba.

Lonnie amepiga simu. Amekubali, bila kueleza kilichombadilisha. Ardis, mke wangu, anasema ni mkewe aliyechoka kukaa naye jukwaani.

Alhamisi, 13 Desemba.

Pambano lake la kwanza. Wageni walivaa nyeupe, sisi bluu. Mwamuzi wa mieleka huvaa kitambaa chekundu mkono wa kushoto, cha wageni, na cha kijani mkono wa kulia, cha wenyeji, na kwa mikono hiyo huwaonyesha waweka alama nani amepata nini. Mikono ya Lonnie ilikwenda juu bila kusita hata mara moja. Alilala chini, akaruka, akazunguka kama paka. Merle, aliyekaa nami, alitikisa kichwa. "Huyu mshenzi anajua kazi," akasema. "Miaka kumi na mitano ananitukana, kumbe alikuwa na haki."

Safu ya nne ilikuwa kimya. Ukumbi ulisikika mgeni, kama nyumba iliyosimamisha saa yake ya ukutani.

Ijumaa, 21 Desemba.

Usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, ambao kwetu huliwa komamanga. Ardis alikuwa amelipata moja dukani, dogo, limetoka mbali. Tulilila baada ya chakula cha jioni juu ya gazeti.

Khosrow alipiga. Tulikumbuka mieleka ya kijijini baada ya mavuno ya mpunga: kondoo dume wa zawadi amefungwa pembeni, na mwamuzi ni mzee mmoja mwenye ndevu ambaye hakuwa na filimbi wala kitambaa. Akinyoosha kidole, imekwisha. Hakuna aliyefungua kinywa.

"Hapa hakuna mtu angekupigia kelele," Khosrow akasema.

Ni kweli. Nimelifikiria jambo hilo jioni nzima, na sijui kwa nini halikunifurahisha kama nilivyotazamia.

Alhamisi, 3 Januari 2019.

Lonnie amechezesha tena. Vizuri.

Jumamosi, 12 Januari.

Mashindano madogo huko Wexler, shule ya jirani. Nilikwenda na Merle kwenye gari moja, yeye na Lonnie wakiwa na zamu kwenye mkeka mmoja.

Pambano lilikuwa la vijana wawili wa shule tofauti, ambazo zote mbili huvaa nyeusi. Ikiwa hivyo, kinachowatofautisha ni kitambaa anachofungwa kila mmoja kwenye kifundo cha mguu: mmoja kijani, mwingine chekundu. Kijana wa Wexler, kwa mpangilio wa mashindano usiojali nani mwenyeji, alikuwa mwekundu. Zikiwa zimebaki sekunde chache walishikana, wakaviringika mpaka ukingoni, miguu minne ikiwa fungu moja, na mwekundu akatoka juu. Alikuwa amemwangusha mwenzake wazi kabisa. Lonnie akainua mkono wa kulia. Vidole viwili. Kijani.

Sijawahi kusikia ukumbi ukipasuka namna ile. Renner, kocha wa Wexler, aliruka kutoka kitini.

"We bwana! Huyo ndiye aliyekuwa chini! Kwani wewe kipofu?"

Lonnie alimtazama. "Kidogo, ndiyo," akasema.

Renner alidhani anakejeliwa. Watu pia. Kopo la soda lilitua ukingoni mwa mkeka. Merle alichechemea mpaka kwa Lonnie, akamnong'oneza, na kabla vijana hawajapeana mikono Lonnie aligeuza uamuzi: mbili nyekundu, na mkono wa kijana wa Wexler ukainuliwa kama ilivyostahili. Hakuna aliyedhulumiwa. Lakini Lonnie alikwenda mezani, akavua vitambaa vyake vyote viwili, akaviweka kando ya filimbi, akatoka nje bila koti. Nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio.

Merle alichezesha mapambano yote yaliyobaki. Tukirudi alikuwa ameweka barafu juu ya goti. "Nilimwambia tu, 'ni yule mwingine,'" akasema. "Na yeye akaniuliza, 'mwingine yupi?'"

Jumatatu, 14 Januari.

Nimekwenda kwa Lonnie. Nilimkuta kwenye banda la nguruwe. Harufu ya banda lile huingia katika nguo na kukaa. Ardis amenivua koti barazani kabla hajaniruhusu kuingia ndani.

"Usianze kunibembeleza, Mwalimu. Nimeacha."

"Sijaja kubembeleza. Nimekuja kuuliza. Ni rangi, sivyo?"

Alibonyeza kitufe kwenye ukuta, na chakula kikaanza kumiminika ndani ya mabomba. Vitufe vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimezungushiwa plasta nyeupe.

"Nyekundu na kijani," akasema hatimaye. "Kwangu ni tope moja. Mke wangu anajua. Sasa na wewe."

"Na kofia?"

"Kofia!" Akaivua na kuitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. "Wakala wa mbegu alinipa bure. Nilidhani ni ya kijani. Nilitembea nayo wiki nzima kabla shemeji hajaniuliza nimegombana nini na mzee. Nikaona, nikiivua watauliza kwa nini niliivaa. Bora niitwe mkorofi. Mkorofi hapa anaheshimiwa."

"Mzee Harlan hajui?"

"Mzee alitaka niwe fundi umeme. Nyaya zina rangi, Mwalimu. Nikamwambia nimeacha kwa uvivu."

Nguruwe walikula kwa kelele. Nikamwuliza kwa nini basi alikubali filimbi, akijua.

"Si ulikuja kuniomba? Mji huu haujawahi kuniomba kitu isipokuwa ninyamaze. Na nguo zikiwa tofauti sina shida. Nikadhani nitapita."

Nilirudi nyumbani na waamuzi watatu.

Jumamosi, 19 Januari.

Theluji kutwa. Nimepiga simu kumi na moja. Hakuna.

Ijumaa, 25 Januari.

Ofisi ya ligi imepiga. Sauti ya kijana mwenye adabu: Je, nina wanne, au awaambie wa mjini waandae ukumbi?

"Ninao wanne," nikasema. "Wa nne ni Tjaden."

Ardis alikuwa akikunja nguo. "Umedanganya, mzee wangu."

"Nimetabiri."

"Utabiri wako una wiki moja."

Kwa kweli nimeona aibu. Mtu huyu ameniambia jambo ambalo hakumwambia baba yake, nami nimejenga mashindano yetu juu yake.

Jumatano, 30 Januari.

Baridi ya kutisha. Shule zimefungwa, posta haikuja, na misumari kwenye kuta za baraza inalia kama bunduki za mbali. Hakuna anayetoka. Ardis ameanza kupika mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga kwa ajili ya Jumamosi, kama kwamba Jumamosi ipo. Wanawake wa kanisa huuza mchuzi huo na mkate wa mdalasini, sahani moja. Nilipofika hapa nilidhani ni mzaha. Sasa siwezi kula kimoja bila kingine.

Alikuwa na sufuria mbili zinazofanana. Alichukua plasta kutoka sanduku la dawa, akakata kipande, akabandika kwenye mfuniko mmoja.

"Hiyo ni nini?"

"Yenye pilipili kali. Mwaka jana mchungaji alikosea, akashindwa kutoa baraka."

Nikabaki nimeshika mwiko. Nikakiona akilini kile kitufe cha bandani chenye plasta.

Nimepiga simu kwa makocha wote watano. Kanuni inataka kitambaa cha mguuni kiwe kijani na kionekane. Haikatazi mstari wa plasta nyeupe juu yake. Wanne walisema sawa kabla sijamaliza. Renner wa Wexler aliuliza swali kwanza.

"Kwa hiyo aliponiambia 'kidogo' alikuwa anasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Nami nilimwita..." Akakohoa. "Sikiliza, Mwalimu. Nakubali. Ila aseme mwenyewe, mbele yetu sote, kabla ya kuanza. Wachezaji wangu hawawezi kuamuliwa na siri."

Ana haki.

Alhamisi, 31 Januari.

Gari liliwaka kwa mara ya nne. Nilimweleza Lonnie, nikaungama pia kwamba nimelitoa jina lake, na siri yake kwa makocha, bila ruhusa. Hakukasirika kwa hilo. Kilichomkwamisha ni sharti la Renner.

"Kikao cha makocha kinafanyika pale pale kwenye mkeka. Mzee Harlan hufika mapema kuliko taa."

"Najua."

"Basi unaniomba nini, Mwalimu? Nivue nguo mbele ya wilaya?"

"Nakuomba uje. Ukifika mlangoni ukaona huwezi, geuka urudi, nami nitawaambia nilidanganya. Hilo ni langu."

Alinipa nyama ya nguruwe ya kupeleka nyumbani, na jibu hakunipa.

Jumamosi, 2 Februari.

Joto limepanda ghafla. Maji yanadondoka kwenye paa la shule na barabara kuu imekuwa matope. Imejaa magari mpaka kwenye kinu cha nafaka.

Nilifika mapema. Merle alikuwa mezani akibandika plasta nyeupe kwenye kila kitambaa cha kijani, taratibu, kama mtu anayefunga vidonda. Harlan Tjaden alikuwa kwenye kiti chake, kofia yake ya kijani magotini. Makocha walisimama duara. Lonnie hakuwepo. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kuungama mlango ulipogonga ukuta, akaingia na shati la mistari ya mwamuzi, na ile kofia nyekundu bado kichwani. Nadhani alisahau kuivua.

Alikwenda moja kwa moja katikati ya mkeka. Hajui kuzungumza kwa sauti ndogo, na siku hii pia hakujaribu.

"Mimi sioni tofauti ya nyekundu na kijani. Sijawahi kuiona. Kule Wexler nilikosea kwa sababu hiyo, na nilipaswa kusema mapema. Leo kijani kina plasta nyeupe. Chenye nyeupe, mkono wa kulia. Kisicho na nyeupe, wa kushoto. Kama kuna kocha asiyetaka, aseme, niende nikalishe nguruwe."

Makocha wakatazamana. Kisha sauti ya mwanamke kutoka meza ya chakula:

"Kumbe ndiyo sababu ya ile kofia!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kilianzia kwenye masufuria kikapanda majukwaani, na waliokuwa wakiingia wakacheka bila kujua sababu. Lonnie akashika kofia kichwani kama vile upepo unataka kuichukua. Mimi nilikuwa namtazama Harlan. Mzee hakucheka. Aliinuka, akashuka, akaukanyaga mkeka kwa viatu vyake vya shambani, jambo ambalo nimewafukuzia wengine, na leo nikanyamaza.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani unanichokoza."

"Nilidhani ni ya kijani, baba."

"Na umeme?"

"Na umeme pia."

Harlan alimvua mwanawe kofia ile, akamvika yake. "Hii ndiyo ya kijani."

Lonnie aliivua, akaitazama, akatazama ile nyingine. "Zinafanana," akasema.

"Nakubali awe refa," Renner akasema. "Jamani, tuanze."

Alichezesha kutwa. Katika fainali moja alimnyima kijana wa Renner alama mbili, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Renner aliruka kama zamani. "Refa! Nunua..." Akakwama. Lonnie akamgeukia.

"Malizia, kocha. Ninunue nini?"

"Mkate wa mdalasini," Renner akasema. "Kabla haujaisha."

Uliisha kabla hajapata. Lakini Ardis alikuwa amemfichia Lonnie mmoja, na niliwaona baba na mwana wakiugawana kwenye ngazi, kofia mbili katikati yao.

Ofisi ya ligi ilimtuma yule kijana mwenye adabu. Alikula sahani mbili, akaniuliza kama mwakani tarehe itakuwa ile ile. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 3 Februari.

Nimelala mpaka mchana. Ardis hakuniamsha.

Jumatatu, 18 Februari.

Merle amekuja kunywa kahawa. Goti litafanyiwa upasuaji, hatachezesha tena. Nilikuwa nimejiandaa kusikitika, lakini alisema atakaa mezani kama mtunza saa, "ili Lonnie apate mtu wa kumpigia kelele kwa karibu." Lonnie naye ameniletea jina la binamu yake, na Renner jina la dada yake aliyewahi kuwa kocha. Kwa hiyo mwakani nitakuwa na wanne. Huenda watano. Nimewapangia tayari, kwa penseli.

Jumapili, 3 Machi.

Theluji inarudi nyuma, na mabua ya mahindi ya mwaka jana yanachomoza. Msimu umeisha. Nilimpigia Khosrow kabla hajanipigia yeye.

Aliniambia maua ya michungwa yanakaribia, na kwamba kutoka chumba cha juu maji ya mashamba ya mpunga huonekana kama kioo yakishafunguliwa. Ninaiona picha hiyo vizuri kuliko ninavyoona ukuta ulio mbele yangu. Akarudia kwamba kule hakuna atakayeniinulia sauti.

"Najua," nikasema. "Hapa wananiinulia."

Alingoja niendelee. Nilitafuta namna ya kumweleza ukumbi ule, kofia mbili kwenye ngazi, na jinsi mtu anavyojisikia anapokuwa amewaomba wengine wabaki mpaka siku moja akajisikia mwenyewe akisema ndiyo kwa mwaka ujao. Kwa lugha yetu nilikosa hata neno la yule anayewapangia waamuzi.

Nikamwambia kile chumba ampe binti yake. Sitarudi.